Semina ya walezi wa kambo, pesa yangu bado inaniuma

Jamani naandika nikiwa na hasira na sijaanza hata kupoa. Kuna semina moja hapa Dar ya walezi wa kambo, yaani wanaolea kwa muda mtoto asiye wao, na wanaosubiri kuasili, waandaaji siwataji, ila wanatangaza kabisa "malezi ya mtoto mwenye kiwewe". Nikajua hii ndo yangu, maana nipo kwenye ile miezi sita ya kukaa na mtoto kabla ya kwenda Mahakama Kuu, na afisa ustawi wetu mtu poa tu ila mafaili yamemzidi, ukimpigia ni "mpe muda mama".

Mwanangu anaficha chakula. Si pipi, chakula. Nimekuta chapati ndani ya foronya, wali umekauka kwenye soksi, na akiona nimeona anakakamaa tu anaangalia ukuta, wala halii. Nikanyoosha mkono nikauliza nifanyeje. Mwezeshaji kwanza akacheka. Eti "mama umemdekeza, tia kufuli kabatini, mchape siku moja tu ataacha". Kwenye semina ya kiwewe!! Watu nao wakacheka, ndo akaongeza kwamba watoto wa makao ya kulelea watoto wana damu ya wizi. Dada niliyekaa naye asingenishika mkono ningeondoka na huyo mwezeshaji pamoja na kiti chake.

Mtoto aliyezoea kulala njaa anaweka akiba, mwili wake haujaamini kama shida imeisha, ukipiga kufuli ndo umemhakikishia. Wanasaikolojia Karyn Purvis na mwenzake David Cross pale Texas Christian University, Marekani, walishayafundisha haya miaka mingi, mtoto ajione yuko salama na akuzoee kwanza, kumrekebisha baadaye. Sasa huyu mwezeshaji na suti yake alisoma wapi?

Lakini nisiwe mnafiki, mchana alikuja mama mmoja nesi mstaafu, hana slaidi hana nini, akaniambia mwekee kikapu chake chumbani, ndizi, karanga, maandazi, kisikae kitupu, na usimuulize kala ngapi. Nikafanya. Mwanzoni kilikuwa kinaisha kabla sijageuka, siku hizi ndizi zinaiva hadi zinaoza humo humo, hasara nailipa kwa furaha kabisa, na kwenye foronya sikuti kitu.

Kwa hiyo semina ni nzuri? Saa moja ya yule nesi ilitosha hela yote, nyota nne. Ila hapana, lile la damu ya wizi kuna wazazi wapya kabisa waliliandika kwenye daftari, nimewaona kwa macho yangu, wakaondoka nalo nyumbani kwa watoto wa watu. Mbili. Halafu niliwaandikia waandaaji wasap, tiki za bluu, kimya, baadaye wananirushia tangazo la semina ijayo na picha ya mwezeshaji ni yuleyule na suti yake. Moja!

Ukilazimika kwenda piga simu kwanza uulize yule nesi anaingia saa ngapi, asubuhi lala kwako.