Banaue au Kiangan?

Wengi wanaofika Ifugao, milimani kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, hukimbilia manispaa ya Banaue. Wana haki: mashamba ya mpunga ya Batad, yenye matuta ya ngazi, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1995. Lakini mashamba ya Nagacadan, yaliyoko Kiangan, manispaa nyingine ya Ifugao, nayo yaliingia mwaka huohuo.

Kwa historia, mimi nachagua Kiangan bila kusita. Hapo ndipo Jenerali Yamashita wa Japani alipojisalimisha tarehe 2 Septemba 1945. Uchimbaji wa kiakiolojia katika kijiji cha kale cha Kiangan nao umetikisa simulizi kwamba matuta yana miaka 2,000: inaelekea mpunga wa majaruba ulishamiri baada ya Wahispania kufika Luzon, Waifugao walipojiimarisha milimani wasitawaliwe.