Ada za shule binafsi: Excel au Gibbon?

Kwa shule ya wanafunzi 150 na mhasibu mmoja, Excel inatosha. Ameshaizoea, haihitaji intaneti, na safu ya "Salio" inajijaza kwa fomula moja. Shida huanza faili likishakuwa na nakala tatu: ya mhasibu, ya mwalimu mkuu, ya mwenye shule. Mzazi anakuja na risiti ya benki mkononi, kila nakala inasema lake. Mtoto anarudishwa nyumbani na ada imeshalipwa. Hilo linaniuma sana.

Gibbon ni programu huria ya kusimamia shule, ya bure, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP na kutunza data kwa MySQL. Ada, mahudhurio na alama vinakaa kwenye kanzidata (hifadhi ya data) moja, kila mtu na ruhusa yake. Seva (kompyuta ya kuiendeshea) na fundi utalipia. Wanaoingiza malipo wakizidi mmoja, mimi nachukua Gibbon.