Maktaba Kuu ya Taifa, Dar: nilivyozipata diwani nilizokuwa nazisaka

Kama unasaka diwani, yaani kitabu cha mashairi, au riwaya ya Kiswahili ya miaka ya sitini na sabini, na maduka ya vitabu mjini yamekujibu kwamba haichapwi tena, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ninafundisha fasihi, na kwa kazi yangu sijaona huduma ya kuifikia.

Wengi utakaowakuta ni wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Usidhani ni hayo tu. Mueleze mkutubi jina la mwandishi na mwaka wa kitabu, hata wa kukisia. Mama aliyenihudumia alinisikiliza, akaniuliza mawili matatu, akaenda kutafuta. Alirudi na diwani mbili nyembamba, karatasi zimegeuka manjano. Moja ni toleo la kwanza, lina dibaji ndefu ya mshairi mwenyewe. Katika toleo tunalotumia shuleni dibaji hiyo haimo kabisa! Ndani yake anataja aliojifunza kwao bahari na mizani, yaani aina za mashairi na hesabu ya silabi katika mishororo. Vitabu vya namna hii huazimwi, unasoma palepale, na mimi naona ndivyo inavyopaswa. Niliinakili yote kwa mkono.

Vimefikaje pale? Sheria ya Huduma za Maktaba ya 1975 inawataka wachapishaji nchini kuwasilisha nakala za kila wanachotoa. Ndiyo maana hata mchapaji mdogo aliyekwisha kufunga shughuli, kazi yake unaweza kuikuta. Jengo lenyewe lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, miaka sita kamili baada ya Uhuru, na hufurahi nikikumbuka kwamba mfunguzi wake alikuwa mfasiri wa Shakespeare, mtu aliyejua uzito wa kitabu cha Kiswahili.

Ninachoomba kwa dhati ni kwenu waandishi mnaojichapishia. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, mnaichukua kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyohiyo inayoendesha maktaba hii. Basi kitabu kikitoka, pelekeni na nakala. Nakala mia tatu mlizouza kwenye uzinduzi na kwa jamaa zitachakaa majumbani, na mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo hatajua mliwahi kuandika.

Ada ya kuingia ni ndogo. Fika asubuhi, kipindi cha mitihani viti hujaa mapema, na beba daftari na penseli.