Saa ya jikoni juu ya meza ya ofisini
Kwa miezi miwili nimeitumia ofisini saa ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono, ile inayohesabu dakika na kulia zikiisha, nikifuata utaratibu wa Mwitaliano Francesco Cirillo wa mwishoni mwa miaka ya 1980, unaomtaka mtu afanye kazi dakika 25, apumzike dakika 5, na baada ya mizunguko minne apumzike kwa muda mrefu zaidi. Faida kubwa nimeiona alasiri: zamani ikifika saa tisa nilikuwa nikiisoma safu moja ya hesabu mara tatu, ilhali sasa narudi nyumbani nikiwa bado na nguvu za kupika. Kasoro yake ni mlio. Jirani yangu wa meza alinivumilia siku nne tu, ndipo nikaanza kuifunga kwa leso. Anayehudumia wateja dirishani simshauri ainunue.