Neva iliyokatika: kipande cha mguuni au mrija wa kolajeni?

Neva (mshipa wa fahamu) ikikatika na ncha zake zisiweze kukutanishwa bila kuvutwa, njia mbili hushindanishwa sana. Ya kwanza ni kupandikiza kipande cha neva ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi neva ya surali iliyo nyuma ya mguu. Kipande hicho huja na seli za Schwann, yaani seli zinazozizunguka nyuzi za neva, ambazo hutoa kemikali za ukuaji na kuziongoza nyuzi mpya zisipotee njiani. Hasara yake ni kidonda cha pili, pamoja na ganzi upande wa nje wa unyayo ambayo mara nyingi hubaki.

Ya pili ni mrija wa kolajeni (aina ya protini), unaounganisha ncha mbili za neva. Haumlazimu mgonjwa kukatwa mahali pengine, na baada ya muda humezwa na mwili. Ila ndani ni mtupu, hauna seli za Schwann! Pengo likizidi sentimita 3 matokeo hudorora, na kwa neva nene zinazoendesha misuli hudorora mapema zaidi. Kwa pengo fupi la neva ya hisia kidoleni, ningechagua mrija. Kwa pengo refu, bado kipande cha mguuni. Kwa vyovyote vile subira inahitajika, maana nyuzi hukua takriban milimita 1 tu kwa siku.