Nililipia embe Kent, nikauziwa mkanda: uzoefu wangu na kitalu kimoja cha barabarani Dar

Nyota moja kati ya tano, na hata hiyo ni ya kijana anayebebesha miche, yaani anayeunganisha tawi la mti bora juu ya mche mwingine, si ya mwenye kitalu. Jina la mahali nalihifadhi. Bado nina hasira, kwa hiyo huenda nikafika mwisho wa haya maelezo nikaiondoa, au nikaongeza. Tutaona.

Jambo lenyewe ni hili. Mche wa embe Kent, "umebebeshwa dada, miaka mitatu tu unakula", bei yake mara nne ya mche wa mbegu uliosimama kwenye kiriba, mfuko wa plastiki wa kuoteshea, cha pembeni. Tofauti yote hiyo ya bei inalipia kikonyo tu: kipande cha tawi la Kent halisi kilichopachikwa juu ya mche wa kienyeji. Udongo ni uleule, kiriba kilekile, mwagiliaji yuleyule. Kikonyo kikifa, ulichobaki nacho ni mche wa kienyeji wa bei ya kienyeji, na embe zake utazisubiri miaka mitano, sita, hata zaidi, bila kujua zitakuwa za namna gani. Mche niliouziwa mimi ulikuwa na kikonyo kilichokufa zamani, palepale kitaluni. Na aliyeuza alijua.

Nasema alijua kwa sababu ya namna ulivyofungwa. Mkanda wa nailoni ulizungushwa kwenye shina, kama sentimeta ishirini kutoka kwenye udongo, mahali hasa ambapo kiungo cha kikonyo na mche hukaa. Juu yake majani mazuri, meusi kwa afya. Ukitazama ukiwa umesimama, huoni kasoro. Ukichuchumaa ndipo unaona kwamba tawi lenye majani yote yale limechomoza vidole viwili chini ya mkanda, ubavuni, kisha likapinda na kusimama wima likigusana na shina la zamani. Kilichokuwa ndani ya mkanda ni kisiki kikavu cheusi, kimekatwa usawa wa ukingo wa juu wa nailoni ili kisichungulie. Nilipofungua, sisimizi walitoka. Kisiki kile hakikujikata chenyewe. Mtu alichukua mkasi, akakata kikonyo kilichokauka, mkanda akauacha, mche akaurudisha kwenye safu ya miche ya bei ghali.

Maelezo niliyopewa na mzee mwenye kitalu niliporudi nao? "Dada, mkanda si unauona? Mche wa mbegu unafungwa mkanda wa nini?"

Nikamwonyesha tawi lilikotokea. "Mzee, hili limeota chini ya kiungo, hili ni la mche wa chini." Akageukia wateja wengine wawili waliokuwa wanachagua michongoma, akasema kwa sauti wanaosoma mambo kwenye simu ndio wanaosumbua wafanyabiashara, kisha akanimalizia: mkono wangu hauoteshi, nijaribu maua ya plastiki. Shikamoo yangu aliitikia vizuri tu nilipokuwa natoa hela. Kurudishiwa, hakuna. Kubadilishiwa, hakuna. Risiti, ndiyo kwanza analisikia neno hilo.

Basi kwa yeyote anayenunua mche wa kubebeshwa popote pale, si kwake tu, mkanda si ushahidi wa kitu. Tena kwenye mche ulio tayari kuuzwa, mkanda uliobaki unapaswa kukutia shaka. Kiungo cha embe kikishashika na kikonyo kikatoa majani yakakomaa, nailoni huondolewa, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu baada ya kubebesha. Ikiachwa, shina linanenepa na nailoni hainenepi. Inakula gome pande zote, juu ya mkanda panavimba, chini panabaki pembamba, na siku upepo wa kusi ukivuma mti unakatikia hapohapo. Nimeona miembe ya kimo cha mtu imevunjika hivyo na mkanda bado umo ndani ya kuni.

Cha kutafuta ni kovu. Kwa namna ya kupasua, ambayo ndiyo wengi hapa Dar wanatumia, utaona alama ya V au mistari miwili iliyoteremka kwa mshazari pande mbili za shina. Gome chini ya kovu huwa la kijivu, gumu, lenye mipasuko midogo; juu yake ni laini na la kijani zaidi. Majani yote, nasema yote, yawe yametoka juu ya kovu. Kuna chipukizi chini yake? Kama ni dogo na kikonyo kiko hai, litoe kwa kidole, halina shida. Kama ndilo lenye majani na juu hakuna kitu, umeuziwa nilichouziwa mimi. Usione haya kumwomba muuzaji afungue mkanda mbele yako kabla hujalipa. Anayekataa amekujibu.

Na msidanganywe na "mbegu yenyewe ilikuwa ya Kent". Mbegu ya Kent haitoi Kent. Utapata embe, sawa, ila yoyote itakayojiamulia.

Nikiwa bado na pumzi, niseme na viriba vyao. Udongo ni mwekundu mtupu, umeshikana kama tofali, ukimwagia maji yanapita pembeni na kutokea chini na katikati pakavu. Mchanganyiko unaofaa si siri ya mtu: sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Na miche imekaa mpaka mzizi mkuu umetoboa kiriba ukaingia ardhini. Wanapoinua wanaukata kwa kuuvuta, "tap", kisha wanakukabidhi wakitabasamu. Mche wa namna hiyo hunyauka wiki ya kwanza hata ukiupanda kwa dua. Inua kiriba mwenyewe kabla ya kuchagua. Kikigoma kuinuka, chagua kingine. Kikiinuka, bonyeza chini: ukisikia mizizi imejizungusha kama kamba, ukifika nyumbani utalazimika kuikata sentimeta mbili za chini kabla ya kupanda, la sivyo itaendelea kuzunguka humohumo ardhini na mti hautasimama imara.

Halafu Hass! Wanauza parachichi la Hass kwa watu wa Mbagala na Kigamboni, usawa wa bahari, joto na chumvi, kwa uso mkavu kabisa. Hass ni la Njombe, la Rungwe, la Kilimanjaro, kule kwenye mwinuko na usiku wa baridi. Hapa pwani litakupa majani, pengine maua, na matunda machache madogo ya kukuudhi. Ukitaka parachichi Dar tafuta aina za nyanda za chini, zile za tunda kubwa lenye ganda laini la kijani, mafuta yake machache lakini linazaa. Nilipomwuliza mwenye kitalu kwa nini haelezi wateja, alisema wateja wanataka Hass. Ni kweli wanataka. Ndiyo sababu wanalipa.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuniponyoka, maana sitakuwa mkweli nisipomtaja huyo kijana.

Wakati mzee ananitangaza kwa wateja, kijana alikuwa nyuma kwenye kivuli cha neti anaendelea na kazi yake. Ni fundi. Nilimtazama vizuri, kwa nia mbaya kabisa ya kutafuta kosa, sikulipata. Mche wa chini ameuchagua unene wa penseli. Kikonyo nacho unene uleule, sentimeta kumi hadi kumi na tano, kutoka ncha ya tawi lililokomaa, jicho la juu, yaani chipukizi ambalo bado limefumba, limetuna bila kufunguka. Majani yake yalikatwa wiki moja kabla tawi likiwa bado mtini, na ndiyo maana jicho limetuna. Anakata mche wa chini kwa pigo moja, kimo cha sentimeta ishirini na kitu, anaupasua katikati sentimeta tatu hadi nne. Kikonyo anakichonga pande mbili kama kabari, pigo moja kila upande, hakwangui kwangui. Anapachika, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoua mche: ngozi laini ya kijani iliyo chini ya gome lazima ikutane na ya mwenzake, angalau upande mmoja. Kukaa katikati vizuri kwa macho hakusaidii kitu kama ngozi hazigusani. Anafunga nailoni kutoka chini kwenda juu ili maji yasiingie, anakaza, kisha anavisha kikonyo kizima kifuko cha barafu, vile vya kuuzia barafu za watoto, na kukifunga chini ya kiungo. Unyevu unabaki ndani. Wiki tatu au nne baadaye machipukizi yakianza kusukuma kifuko, kinatolewa jioni, si mchana wa jua. Kisu chake alikifuta kwa spiriti kati ya mche na mche. Nani anafanya hivyo barabarani?

Aliniambia pembeni, kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nikikuta kikavu natenga. Wanaorudisha kwenye mstari si mimi." Namwamini. Mtu anayefuta kisu kwa spiriti hauzi kisiki.

Na alikuja nyumbani. Akaubebesha upya mche uleule wa utapeli: alikata shina la zamani lote lililokufa, akaacha lile tawi la ubavuni, maana lilikuwa na afya na unene wa kutosha, akapachika Kent juu yake. Kimeshika. Majani ya kwanza yalitoka mekundu ya zambarau, sasa yanageuka kijani. Kwa hiyo ukiniuliza leo kama nina mche wa Kent kutoka kitalu kile, jibu ni ndiyo, na ni mzuri kuliko mingi niliyoona. Hili linaniudhi zaidi ya yote.

Basi nyota ngapi? Kwa kazi ya kijana, tano, bila ubishi. Kwa mzee ningetoa sifuri. Nilitaka kugawanya nikaandika mbili na nusu, kisha nikakumbuka wale wateja wa michongoma walivyocheka. Mbili. Msinunue pale mche wowote wenye mkanda. Miche ya mbegu nunueni, ni bei ya chini na ni ya kweli, hamna mahali pa kuficha kitu kwenye mche wa mbegu. Mwembe wa kienyeji wenye unene wa penseli kutoka pale, ukampa kijana akubebeshee kwako, unatoka nafuu kuliko ule wa "Kent" na unajua kilichopo ndani.

Kwa wanaopanda kwenye mchanga wetu wa Dar: shimo la sentimeta sitini kila upande, udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe mbili za samadi iliyooza kweli. Ya kuku mbichi itaunguza mizizi. Kovu libaki juu ya ardhi kiganja kizima. Ukilifukia, unyevu unalishika na linaoza. Panda mvua za masika au vuli zikianza. Kiangazi upe mche lita kumi hadi ishirini mara mbili au tatu kwa wiki, za taratibu, siyo kikombe kila siku. Matandazo ya majani makavu yasigusane na shina, yakigusana unawaitia mchwa. Na mche mdogo uliobebeshwa unaweza kutoa maua mwaka wa kwanza kwa kiherehere: yakate, hata kama watoto watalia. Mti ukifika kimo cha mita moja hivi kata ncha, upate matawi matatu, vinginevyo uani kwenu mtachuma embe kwa ngazi.

Ukifanikiwa kumpata kijana, mwambie vikonyo avikate asubuhi ya siku hiyohiyo, avifunge kwenye gazeti lenye unyevu ndani ya nailoni, na asivipitishe juani kwenye bodaboda. Kabla hajaanza, kwaruza kimoja kwa ukucha. Kikiwa kijani na chenye unyevu, mwache afanye kazi. Kikiwa kahawia, mpe maji ya kunywa na nauli, aje siku nyingine.