Canon PowerShot A520 ya mtumba: uzoefu wangu Mombasa

Nimenunua Canon PowerShot A520 ya mtumba, kamera ya mwaka 2005, katika duka dogo karibu na Digo Road, kwa shilingi 3,500 baada ya kupatana. Ina megapikseli 4 tu. Simu yangu inaizidi mbali kwa hesabu hiyo, na bado kamera hii ndiyo ninayoichukua nikienda kupiga picha Mji wa Kale.

Nianze na nilivyoichagua, maana kwa sisi watu wa pwani hapo ndipo penye kazi. Mezani palikuwa na Canon nyingine pia, PowerShot A75, ya mwaka 2004, safi kwa macho na bei ya chini zaidi. Niliiacha. Mwaka 2005 Canon yenyewe ilitangaza kwamba baadhi ya kamera zake, A75 ikiwemo, zilikuwa na sensa ya CCD, yaani kile kipande kinachonasa picha, ambayo nyaya zake za ndani huweza kuachia, hasa penye joto na unyevu. Yaani hali ya hewa yetu hii hii. Sensa ikiachia, picha hutoka za zambarau, zenye mistari, au nyeusi tititi. Wakati ule Canon walitengeneza bure. Ukiuziwa leo, hasara ni yako.

A520 nayo ina maradhi yake, ya lenzi. Ikiingia mchanga ikakwama, kioo huandika E18, na kamera nyingi huishia hapo. Kamera iliyowahi kuzungushwa ufuoni Nyali au Bamburi naiogopa. Nilimwambia mwenye duka, "Ami, niwekee betri niiwashe," akaniachia niiwashe na kuizima mpaka niridhike, naye hakuona taabu. Lenzi itoke na kurudi kwa sauti moja. Ukisikia inasaga, irudishe mezani. Kisha fungua mlango wa betri utazame kama vyuma vimeota kutu ya kijani, halafu mulika lenzi kwa tochi ya simu. Kuvu huonekana ndani kama utando wa buibui, na huku kwetu kamera iliyofungiwa kabatini haikosi kuota.

Inatumia betri mbili za AA. Zile za bei rahisi za dukani huisha kabla hujafika popote, kwa hiyo nunua za kuchaji aina ya NiMH. Kadi ndiyo iliyonisumbua zaidi: inasoma SD ya kawaida, mwisho GB 2, na kadi ya GB 32 haiitambui kabisa. Maduka mengi siku hizi hayaweki kadi ndogo hivyo. Muulize muuzaji kama anayo kabla hujatoa pesa.

Picha sasa. Rangi zake ndizo zilizoniteka. Milango ya kuchonga inatoka na ule wekundu wa mbao ulioiva, leso zinang'aa bila kupiga kelele, na ngozi zetu zinabaki na rangi yake, hazipaukishwi wala kulainishwa jinsi simu nyingi zinavyofanya. Jua la mchana huitesa kidogo: kuta nyeupe huungua zikawa tupu, kwa hiyo mimi hushusha mwanga kwenye mipangilio hadi -2/3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiweka 50. Kioo cha nyuma ni cha inchi 1.8 na juani hakionekani, lakini ina kitundu cha kuchungulia, na hilo kwangu ni jambo kubwa sana. Usiache nafasi unapolenga, kwani picha hutoka pana kuliko unachokiona pale. Anayetaka kujifunza kupiga picha atafurahi kukuta anaweza kupanga mwenyewe kasi ya kupiga na ukubwa wa tundu la lenzi.

Usiku haifai. Ukifika ISO 400, ambayo ndiyo mwisho wake, picha hujaa chenga. Harusi ya ndani ichukulie kamera nyingine. Video sizizungumzii, ni za kizamani mno. Kwa picha za kuchapisha sentimita 10 kwa 15, hata hivyo, megapikseli 4 zinatosha na kubaki.

Yangu naihifadhi kwenye mkebe usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, betri nimezitoa. Nikitoka chumba chenye kiyoyozi naiacha mfukoni kwanza, la sivyo lenzi hujaa mvuke.

Bei zimepanda tangu vijana waanze kuzitafuta kamera hizi. Zaidi ya shilingi 5,000 kwa A520 sitoi, hata ikija na boksi lake.